Sekunde Zinapotelea Wapi?

Karani wa Ngara au Biharamulo, afunguapo programu ya ofisi iliyofungamanishwa na kanzidata iliyoko Dar es Salaam, akaona imeganda, neno la kwanza kumtoka ni kwamba intaneti ni ndogo, na dawa inayoagizwa upesi ni kifurushi kikubwa zaidi. Dawa hiyo aghalabu haiponyi, kwa kuwa upana wa njia na wepesi wa safari ni mambo mawili mbalimbali, na kanzidata huhitaji la pili kuliko la kwanza.

Wala wingi wa kumbukumbu si hoja. Mwishoni mwa Aprili 1994 walivuka daraja la Rusumo, kuingia Ngara, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 kwa muda wa saa 24 hivi. Lau majina yao yote yangetiwa katika jedwali moja lenye faharasa sahihi, seva ya leo, hata iliyo dhaifu, ingetoa jina litakiwalo kabla karani hajaondoa kidole kwenye kitufe. Faharasa ikikosekana, hilo ni shauri jingine.

Uchunguzi na uanze kwa kutenganisha muda wa kuunganishwa na muda wa kujibiwa. Katika ule wa kwanza, tazama saa: ukawiaji ukiwa sekunde 5 au 10 barabara, kila uingiapo, asubuhi kama alasiri, usiishuku njia, maana msongamano hauna nidhamu ya namna hiyo. Yamkini seva inangoja jina. MySQL, programu ya kanzidata itumikayo sana, ikiachwa na desturi zake, hutaka kujua jina la kompyuta ya kila ajaye kwa anwani ya namba; na ikiwa seva ya majina inayoulizwa ilikwisha kuzimwa zamani, Linux hungoja sekunde 5 kwa kila jaribio, na kwa kawaida hujaribu mara 2. Mstari mmoja, skip_name_resolve, ukitiwa katika faili la mipangilio na seva ikawashwa upya, huiondoa kadhia hiyo. Illa ruhusa zilizotolewa kwa majina ya kompyuta ziandikwe kwanza kwa namba, ama sivyo watumiaji watafungiwa nje.

Muda wa kujibiwa una mengi zaidi. Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa 2009, umefika mipakani Rusumo na Kabanga, na kwa mkongo huo tuseme swali huenda na jibu hurudi kwa milisekunde 30. Amri ya ping itatoa hesabu halisi ya kila ofisi. Lakini anayetumia dishi lililoelekezwa kwenye setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta hungoja karibu nusu sekunde kwa kila swali, hata njia iwe pana namna gani, kwani swali hupanda na kushuka, na jibu nalo hupanda na kushuka. Sasa fomu ya malipo ikiwa na mistari 200, na mwandishi wake ameifanya iulize jina la kijiji kwa kila mstari peke yake, mithili ya tarishi atumwaye masijala kuleta karatasi moja moja, kwa mkongo ni sekunde 6, kwa dishi ni sekunde 100, ilhali programu ni ile ile na seva ni ile ile.

Basi maswali hayo yaunganishwe yawe moja, orodha ya vijiji, ambayo hubadilika kwa nadra, ihifadhiwe katika kompyuta ya karani, na muunganisho ukishafunguliwa usifungwe kwa kila fomu. Aliyeiandika fomu bila shaka aliijaribu karibu na seva, ambako maswali 200 hayatimizi hata sekunde moja. Ingefaa ofisi isiipokee kazi yake wala kumlipa mpaka aijaribu Rulenge, huko huko Ngara, kwa dishi.