Fahamu, Akili na Usemi: Maneno ya Tiba ya Ubongo Yanavyosikika Ihanda

Ihanda ni kata ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, katika nchi ya vilima, migomba na kahawa. Lugha ya nyumbani huko ni Kinyambo, ambacho wenyewe hukiita Orunyambo. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya hospitali. Kijana akianguka na pikipiki akaumia kichwa, habari za ubongo wake hutolewa kwa Kiswahili, kisha huzungumzwa upya nyumbani kwa Kinyambo. Basi kila neno la tiba hiyo huvuka mara mbili: kwanza kutoka vitabu vya kigeni kuingia Kiswahili, halafu kutoka Kiswahili kuingia masikioni mwa mama, mke au ndugu atakayemwuguza. Kivuko cha kwanza hutazamwa sana na waundaji wa istilahi. Cha pili hutazamwa mara chache, na ndicho kinachoamua maisha ya majeruhi.

Yafaa isemwe mapema kuwa kosa la maneno haya si ugeni wake. Neno geni humfanya msikilizaji aulize. Neno la hatari ni lile alijualo tayari kwa maana nyingine, asione haja ya kuuliza.

La kwanza katika hayo ni fahamu. Kufahamu ni kuelewa. Fahamu, likiwa jina, ni hali ya kuwa macho na kujitambua. Mwuguzi asemapo kwamba mgonjwa amerudiwa na fahamu, akusudia kuwa amefumbua macho na aitika aitwapo. Jamaa wasikia kuwa kuelewa kwake kumerudi, na kumbukumbu yake, na busara yake yote. Wamchukua nyumbani wakitazamia mtu yule yule. Mwezi wa pili akisahau alichotumwa, akikasirika kwa jambo dogo, akishindwa kupanga kazi ya siku shambani, hukumu iko tayari: fahamu anazo, basi huu ni uvivu au ni jeuri. Hapo neno moja limemnyang'anya mgonjwa haki ya kuhesabiwa mgonjwa.

Dawa ya kosa hili imo ndani ya lugha yenyewe. Kiswahili kina neno kuzinduka, nalo ni kuamka baada ya kuzimia, wala halipiti hapo. Asemaye "amezinduka" haahidi akili wala kumbukumbu. Huenda ikapingwa kwamba neno hilo limekwisha kuchukuliwa na sherehe, maana siku hizi vitabu na miradi huzinduliwa. Lakini hapana asiyeweza kumtenga mgonjwa na kitabu. Kinyume chake ni koma, neno lililokopwa kwa hali ya mgonjwa asiyeamshika. Mkopo huu umeikuta lugha ikiwa na koma nyingine: kitenzi cha kuacha jambo, na katika Kiswahili cha kale cha pwani, mzimu wa mtu aliyekufa. Jamaa aambiwaye kuwa mgonjwa yumo katika koma hana kosa akisikia habari ya mwisho. Neno hilo lisitumike bila maelezo ya kulisindikiza.

Kosa la pili ni la vipimo. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett, wa mji wa Glasgow, walitoa kipimo cha kuzimia ambacho leo kimeenea duniani. Kufumbua macho hupewa alama 1 hadi 4, usemi 1 hadi 5, na mwendo wa viungo 1 hadi 6. Jumla huwa kati ya 3 na 15. Kwa desturi, alama 13 hadi 15 huonyesha jeraha linaloitwa kwa Kiswahili "dogo", 9 hadi 12 la wastani, na 8 kushuka chini ni jeraha kali. Lakini udogo huo ni wa alama za siku ile, wala hausemi mwezi ujao utakuwaje. Mwenye jeraha "dogo" aweza kukaa majuma, pengine miezi, akiumwa kichwa, akichoka upesi na kusahau. Afadhali kusema "jeraha lililoanza kwa dalili nyepesi", maneno marefu yaliyo kweli, kuliko ufupi unaodanganya.

Katika kipimo hicho hicho liko jambo linalowahusu wanaisimu zaidi ya waganga. Mgonjwa ajibuye akijua alipo na wakati aliomo hupata alama zote 5 za usemi. Atoaye sauti zisizo maneno hupata 2. Basi mzee wa Ihanda akizinduka na kujibu kwa Kinyambo mbele ya mpimaji asiyekijua, ni upungufu wa nani unaoandikwa? Bila mkalimani karibu, ujinga wa mpimaji waweza kuhesabiwa kuwa ni ugonjwa wa mpimwa.

Jambo hili halimaliziki siku ya kwanza. Paul Broca mwaka 1861, na Carl Wernicke mwaka 1874, walionyesha kwamba jeraha la sehemu moja ya ubongo laweza kuharibu utamkaji, na la sehemu nyingine likaharibu uelewaji. Juu ya wenye lugha zaidi ya moja, Ribot alishika mwaka 1881 kuwa lugha iliyotangulia kujifunzwa ndiyo idumuyo. Pitres akashika mwaka 1895 kuwa ni ile iliyozoewa zaidi wakati wa kuumia. Wagonjwa waliochunguzwa baadaye wametoa ushahidi kwa pande zote mbili. Kwa hiyo kusema "amepoteza usemi" baada ya kumpima Mnyambo kwa Kiswahili peke yake ni kutoa hukumu kwa kusikia shahidi mmoja. Na neno la mitaani, bubu, lina madhara zaidi, kwa sababu bubu hupunguziwa mazungumzo, ilhali huyu yampasa aongeleshwe kila siku. Hapa afasia, ingawa ni neno la kigeni, lina faida: lamlazimisha msikilizaji aulize maana yake.

Maneno mengine mawili yataka kupunguziwa kazi. Kuita usahaulifu na upungufu wa umakini "matatizo ya akili" ni kumtia mgonjwa katika kundi la wenye wazimu machoni pa majirani. Kila kilichopungua na kitajwe kwa jina lake: kumbukumbu, umakini, upangaji wa mambo. Kadhalika kupooza. Mkulima alijua tunda lililopooza: limenyauka kabla ya kuiva, nalo halirudi. Mkono uliolegea bali waweza kufunzwa tena usiitwe kwa neno linaloukatia tamaa. "Udhaifu wa mkono" watosha.

Linabaki jina la kazi yenyewe. Ukarabati ni wa nyumba na barabara. Urekebishaji umezoewa kwa tabia za wakosaji. Utengamao, neno litumiwalo sasa katika huduma za afya Tanzania, ni bora kuliko yote mawili, kwa kuwa kutengamaa ni kutulia katika hali njema. Laahidi utulivu, wala si kurudi kwa kila kilichopotea. Makosa huingia pale linapofafanuliwa kuwa ni "kumrudisha mgonjwa katika hali yake ya kwanza", kwani ufafanuzi huo huahidi kile ambacho neno lenyewe, kwa staha, limekataa kuahidi. Wapo watakaotengamaa bila kurudi walikokuwa, na jamaa zao wastahili kujua hivyo mapema.

Desturi ya waundaji wa istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo kukopa nje. Daraja ile ya pili ingefaa itumike pia kupimia, si kuchotea maneno tu. Zana hazikosekani: J. M. Rugemalira alitoa sarufi ya Kinyambo mwaka 2005. Kabla ya istilahi kuandikwa katika orodha, na itamkwe mbele ya mama wa Ihanda, naye aulizwe ameambiwa nini juu ya mwanawe. Atakachojibu kwa Kinyambo kikiwa ni kile alichokusudia daktari, istilahi imefaulu. Kikiwa kingine, hata ikiwa na asili njema na umbo zuri, haijafika.