Sifa za Fundi wa Treni za Mezani

Mzee mmoja wa huku Pennsylvania, fundi wa simu aliyestaafu, amelaza kichwa cha treni chali juu ya meza, magurudumu yakitazama dari. Ni Lionel ya miaka ya 1950, nzito kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Anatafuta nafasi. Nusu ya ufundi wake ndiyo hiyo: kutafuta nafasi ndani ya chuma kilichoundwa na watu ambao hawakuwaza kwamba siku moja mtu atataka kutia humo bodi ya saketi, spika na kipokezi cha mawimbi ya redio. Bisibisi anaishika kwa vidole vitatu tu. Skrubu za kichwa hicho zimekaa mahali pake tangu yeye akiwa mtoto, naye hataki hata moja ichubuke.

Wanaodhani hii ni michezo ya watoto waendelee kudhani.

Treni hizi za Lionel zilianzishwa na Joshua Lionel Cowen mjini New York, mwanzoni mwa karne iliyopita. Ile ya kwanza ilikusudiwa kuvuta macho ya wapita njia kwenye dirisha la duka, lakini wateja wakaitaka yenyewe. Baada ya hapo, kwa miongo mingi, ziliendeshwa kwa namna moja: transfoma sakafuni, mkono juu ya wenzo, umeme wa reli unaongezwa au unapunguzwa. Ukitaka treni irudi nyuma, unakata umeme kisha unaurudisha, na silinda ndogo iliyomo ndani, inayovutwa na sumaku, inageuka hatua moja. Mbele, simama, nyuma, simama. Silinda ile ilivuma kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibiriti, na wazee wa huku hutabasamu wakiusikia mvumo huo. Ila ulikuwa utawala wa mtu mmoja. Baba alikaa kwenye transfoma, watoto wakatazama. Na vichwa viwili vikiwekwa kwenye reli moja, vyote vilitii wenzo uleule.

Lionel walijaribu kuuvunja utawala huo mapema. Mwaka 1946 walitoa seti iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio yaliyopitishwa kwenye reli, kila behewa likiwa na alama ya rangi yake na kitufe cha rangi hiyohiyo. Ilikuwa ghali, ilikuwa na ukaidi, na ilipofika 1949 mambo yake yalikwisha. Wazo likalala.

Aliyeliamsha, pamoja na wengine, ni mwanamuziki Neil Young. Wengi wanamjua kwa gitaa na ile sauti yake nyembamba. Mimi namheshimu zaidi kwa treni. Mwanawe Ben alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hazungumzi, na mikono yake haimtii. Baba alikuwa na reli ndani ya ghala, kwenye shamba lake California, na mtoto alipenda kuzitazama treni zikipita. Lakini kutazama ni kutazama tu. Wenzo wa transfoma unataka vidole. Unataka kuupandisha kidogo, kuushusha kidogo, kuuachia kwa wakati wake.

Basi ikatafutwa njia ya kumpa Ben kitufe kikubwa chekundu, cha kugusa hata kwa mkono usiotulia, na treni ielewe. Nauwaza mara nyingi mguso ule wa kwanza: treni imesimama, kijana anagonga, nayo inaondoka kwa amri yake yeye. Hakuna aliyemsaidia kusukuma. Kampuni ngapi zimetumia fedha ngapi kubuni vitu ambavyo havikumgusa mtu hivyo? Mwaka 1992 Young alianzisha Liontech pamoja na Richard Kughn, aliyekuwa mmiliki wa Lionel wakati huo, na katikati ya muongo huo mfumo wao, TrainMaster Command Control, ukaingia madukani. Mwaka 1995 Young mwenyewe akawa miongoni mwa walioinunua Lionel.

Mfumo wenyewe una hila ninayoipenda. Rimoti huongea na kituo kidogo, na kituo hicho kimefungwa kwa waya mmoja tu kwenye reli ya nje. Reli inageuka kuwa mtangazaji. Umeme umejaa muda wote, na kila kichwa, kwa namba yake, kinasubiri kusikia kikiitwa. Kinasikia kwa antena, na antena hiyo mara nyingi ni vile vishikio vyembamba vinavyopita ubavuni mwa boila, ambavyo kwenye treni halisi wafanyakazi walivikamata wakitembea juu ya mashine.

Kwenye treni mpya kiwanda kimeshayapanga hayo. Kwenye kuukuu, vishikio vimegusana na mwili wa chuma, kwa hiyo ni viziwi. Mzee akavitoa kimoja kimoja. Kila tundu akalitia kijibomba cha plastiki alichokikata kwa wembe, chembamba hata nikapoteza kimoja kwa macho kikiwa palepale mezani. Akavirudisha, akagusisha ncha za mita kwenye kishikio na kwenye boila, akasikiliza. Mita haikulia. Akahamia tundu la pili, na kila tundu alilipima hivyohivyo, ingawa rangi, umbo na kila kitu cha nje kilibaki kama zamani na hakuna mtu atakayeiona kazi hiyo.

Hapo ndipo ninapoona uchungu. Siku hizi treni inatoka kwenye boksi ikiwa na kila kitu, inaendeshwa kwa simu, na bodi yake ikiungua watu hawaulizi fundi ni nani. Wanauliza bei ya nyingine. Na sokoni mambo ni mabaya zaidi. Kwenye maonyesho makubwa ya treni za mezani mjini York, huku huku Pennsylvania, yanayofanyika kila Aprili na Oktoba, mkusanyaji atalipa zaidi kwa kichwa ambacho hakijaguswa, hasa kikiwa bado na boksi lake, kuliko kwa kile kilichofunguliwa na mikono kama ya mzee huyu. Kilicholala kabatini kina thamani. Kilichofundishwa kusikia kimeshuka bei. Wazee wakifa, warithi huambiwa kwamba baba yao "aliviharibu", na vinauzwa kwa lundo.

Nikikutana na lundo kama hilo, huwa naomba ruhusa ya kufungua kifuniko cha behewa la makaa. Mara nyingi ndani kuna waya zilizolazwa sambamba, zimefungwa kwa uzi, na karatasi ndogo yenye mwandiko wa penseli: nyekundu inakwenda wapi, nyeusi inatoka wapi. Muuzaji hajawahi kukifungua.