Hodi ya Kidole

Kioo cha simu nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Kila fremu ina milisekunde 16 na ushei tu, na ndani ya muda huo JavaScript, lugha ya msimbo wa ukurasa, imalize hesabu zake, kivinjari kipange kila kitu mahali pake, kipake rangi, kisha mchoro ufike kiooni. Kazi ikichelewa, fremu inarukwa, na jicho halidanganyiki: menyu iliyotakiwa kushuka inashtuka. Kwenye kompyuta nzuri katika ofisi ya Mbarara, muda huo hutosha na kubaki. Kwenye simu ya bei nafuu pale Base Camp, Nakivale, yenye kumbukumbu ndogo na programu nyingi zinazogombania prosesa moja dhaifu, hautoshi kabisa. Ninausifu ufundi unaoziba pengo hilo.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, yanapokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoanza kufika wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wako humo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine, na Kiswahili huwakutanisha wengi wao sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kusafiri, kwa hiyo biashara zipo: maduka ya nguo, saluni, wakala wa pesa za simu, vibanda vya kuchajia simu kwa umeme wa jua. Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, ndiyo soko kubwa la jirani. Ndiko pia kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanzishwa mwaka 1989, ambako vijana husomea kompyuta. Ukurasa wa kuombea nafasi ya masomo au kuagiza bidhaa ukitengenezwa Mbarara, kesho utafunguliwa Nakivale. Hapo ndipo fundi hupimwa.

Katika nyumba zetu, anayepiga hodi hujibiwa "karibu" kabla mlango haujafunguliwa. Mwenyeji huenda bado anajifunga kanga na chai haijabandikwa, lakini mgeni ameshajua kwamba amesikika. Kidole kinachogusa kitufe nacho kinapiga hodi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, aliandika mwaka 1993 kwamba jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huhisi limekuja papo hapo. Mtandao wa Nakivale mara nyingi hauwezi kuleta jibu la seva kwa kasi hiyo. Lakini fundi anaweza kuitikia hodi kwanza. Kitufe kikiguswa, kibadilike rangi mara moja, kiandike "Inatumwa", na kikatae mguso wa pili hadi majibu yarudi. Tena ombi lipewe namba yake ya pekee, ili hata likifika mara mbili kwa sababu ya mtandao kukatika, seva ilihesabu mara moja. Mama anayelipia mzigo hana tena sababu ya kubonyeza mara ya pili kwa wasiwasi, wala pesa yake haikatwi mara mbili.

Kwa nini ukurasa huganda? Msimbo wa ukurasa hufanya jambo moja kwa wakati mmoja, na njia hiyohiyo moja ndiyo inayopokea miguso na kupanga mchoro. Ukiipa orodha ya bidhaa elfu izipange kwa mkupuo, kidole kitasubiri hadi imalize. Fundi mzuri huikata kazi vipande vidogo na kuacha upenyo kati ya kipande na kipande ili mguso uingie. Hesabu nzito huikabidhi kwa mfanyakazi wa pembeni ambaye kivinjari kinaruhusu kumwajiri, asiyegusa ukurasa wenyewe.

Mwendo nao una siri zake. Ukisogeza kisanduku kwa kubadilisha upana, kimo au umbali wake kutoka ukingoni, mara nyingi kivinjari kinalazimika kupima upya hata majirani zake, fremu baada ya fremu. Ukikisogeza kwa agizo la transform, au ukakififisha kwa lile la opacity, vipimo vya ukurasa havibadiliki; kipande kilichokwisha kuchorwa ndicho kinachosogezwa, mara nyingi na chipu ya picha. Macho huona mwendo uleule, lakini kazi inayofanyika ni ndogo zaidi. Vilevile kuna kosa la kubadilisha kitu, kukipima, kukibadilisha tena na kukipima tena ndani ya mzunguko mmoja wa msimbo. Kila kipimo hulazimisha ukurasa kupangwa upya. Dawa yake ni kupima vyote kwanza, kisha kubadilisha vyote.

Anayeendesha mwendo kwa amri ya setInterval anapiga hatua zake bila kujali kioo kiko tayari au la. Anayetumia amri ya requestAnimationFrame anakiomba kivinjari kimwite fremu inayofuata inapoandaliwa, na ukurasa ukifichwa nyuma ya mwingine, mwito husimama. Faida yake si ulaini tu. Simu iliyochajiwa kibandani imelipiwa. Duara linalozunguka bila kukoma mahali ambapo hakuna anayelitazama linakula chaji ya mtu, na fundi mwenye dhamira hulizima linapotoka machoni.

Hivyo hivyo kwenye kisanduku cha kutafutia. Mtu akiandika "mahindi", msimbo usio na subira hutuma ombi kwa kila herufi. Wenye subira husubiri robo ya sekunde baada ya vidole kutulia, kisha hutuma ombi moja, na jibu la zamani likichelewa kufika hulitupa lisije likafuta jipya. Tangu Julai 2021 intaneti nchini Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12. Subira hiyo ndogo inamwachia mtu sehemu ya bando lake.

Lakini kilele cha ufundi huu ni kujua mwendo unasema nini. Katika makazi yenye lugha nyingi namna hii, maandishi hayamfikii kila mtu. Bidhaa inayoteleza kuelekea kwenye kikapu inamwambia Msomali na Mrundi jambo lilelile. Sehemu ya fomu iliyokosewa ikijisogeza yenyewe hadi katikati ya kioo, mwombaji anajua pa kurekebisha. Kila mwendo uwe na ujumbe wa namna hiyo. Usio nao uondolewe. Wako pia watu ambao miondoko mikubwa kiooni huwapa kizunguzungu, na mifumo ya simu ina mpangilio wa kupunguza mwendo. Kuuheshimu mpangilio huo ni mistari michache ya msimbo.

Kwa hiyo nawasihi vijana wanaojifunza kazi hii Mbarara: msiseme ukurasa umekamilika kwa sababu unateleza kwenye kompyuta zenu. Baadhi ya vivinjari vina chombo cha kuigiza prosesa ya polepole na mtandao hafifu. Kitumieni kila siku. Kisha tafuteni simu dhaifu kuliko zote mnazoweza kuzipata, mpunguze mnachokisogeza hadi ukurasa ujibu humo bila kusita. Ukurasa ulioshinda jaribio hilo utamjibu vyema mwenye simu ghali pia, lakini ulioundwa kwa ajili ya mwenye simu ghali peke yake umeshamfungia nje mkazi wa Juru au Rubondo, humo humo Nakivale, kabla hajasoma neno la kwanza. Kumjibu huyo kwa wakati, kwa gharama anayoimudu, ni haki yake, na mwenye uwezo wa kumtimizia ni aliyeandika msimbo.