Mota Haibebi Geti

Geti lilikwama Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni, likiwa wazi kiasi cha mtu kupita ubavu. Shemeji yangu alikuwa nje, ndani ya gari, anabonyeza rimoti. Mlinzi alikuwa upande wa pili, bega kwenye bati. Rimoti ikibonyezwa mota inaguna, mlinzi anasukuma, geti linasogea hatua mbili, linatulia. Nyuma ya gari bajaji zilishaanza kupiga honi.

Kesho yake akaja fundi. Akausikiliza ule mguno, akasema bodi imeungua, akataja bei ya mota mpya nzima kwa kuwa, kwa maelezo yake, bodi ya toleo lile haiuzwi tena peke yake. Kifuniko cha mota hakukifungua. Siku hizi neno "bodi" limekuwa kwa mafundi kama malaria ilivyokuwa zamani: homa yoyote isiyoeleweka inaandikwa hapo. Friji, bodi. Mashine ya kufulia, bodi. Shemeji hapendi kutoa hela kabla hajasikia maneno ya mtu wa pili, akanipigia simu.

Geti lenyewe ni la kuserereka, mita tano, bomba za mraba zilizovikwa bati nene. Lilichomelewa hapo hapo Mbezi, upande wa baharini, na hakuna aliyewahi kulipima uzito. Nakisia kilo 400. Mota ni ya volti 230, fezi moja, na kibandiko chake kinasema inafaa geti la hadi kilo 600. Kwa maandishi hayo mota ilikuwa na nguvu na za kubakiza.

Kabla ya kushika bisibisi nilikwenda kwa mlinzi. Yeye ndiye anayeishi na hilo geti kwa saa kumi na mbili kila siku.

"Shikamoo mzee. Hili geti linasumbuaje?"

"Marahaba, baba. Asubuhi halina neno. Jioni magari yakifuatana ndiyo linagoma. Ukilisaidia kidogo pale mwanzo, linakwenda lenyewe."

Maneno hayo yalitosha kujaza nusu ya ripoti. Kwanza tuiweke rimoti pembeni, maana shemeji alikuwa na wasiwasi kwamba jirani ana rimoti inayoingiliana na yake. Niliinama kwenye boksi la mota na kumwomba abonyeze. Ndani ilisikika "tik": rilei inajifunga. Kila akibonyeza, tik. Maana yake bodi imepokea amri, imeielewa na imeipitisha. Kama amri inafika hadi kwenye rilei, jirani hana hatia, na bodi nayo imeanza kutoka kwenye orodha ya washukiwa.

(Nitoke nje ya mada kidogo. Rimoti nyingi za mageti hubadilisha msimbo kila zinapobonyezwa, ili mtu akinasa mawimbi yako ya leo yasimfae kesho. Mfumo mmoja maarufu wa namna hiyo, KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980 kwenye kampuni ya Nanoteq, na mwaka 1995 ukanunuliwa na Microchip ya Marekani kwa dola milioni 10. Rimoti na kipokezi hutunza hesabu moja inayopanda pamoja. Mtoto akiichezea rimoti mbali na nyumbani, hesabu ya rimoti inatangulia. Ikitangulia sana, kipokezi hukataa mbonyezo wa kwanza na kukubali wa pili. Watu wengi wamebadilisha betri nzima kwa sababu ya jambo hilo.)

Sasa turudi kwa mzee. "Ukilisaidia linakwenda lenyewe." Mota ya fezi moja ina tatizo la kuzaliwa: umeme wa fezi moja unavuta na kuachia, hauzungushi. Ili izunguke, mota ina koili mbili, na moja kati yake inapata umeme kupitia kapasita, ambayo inaufanya umeme wa koili hiyo upishane kidogo na wa mwenzake. Kupishana huko ndiko kunakotoa mzunguko. Kapasita ikidhoofika, koili zinavuta karibu kwa pamoja. Mota inaguna, inatetemeka, inapata joto, lakini nguvu ya kuanzia haipo. Akija mtu na bega, anaipunguzia mzigo, na ule uwezo mdogo uliobaki unatosha kuiondoa. Ikishashika mwendo inaendelea.

Mota za mageti zina jambo moja linalorahisisha upelelezi. Koili zake mbili ni sawa kabisa, na geti linapokwenda kushoto koili moja inapata umeme moja kwa moja na nyingine kupitia kapasita. Likienda kulia zinabadilishana zamu. Kwa hiyo, geti likiwa zito kufungua lakini jepesi kufunga, tazama rilei ya upande huo, swichi ya kikomo au koili yenyewe. Likiguna pande zote mbili sawasawa, tafuta kitu ambacho pande zote mbili zinakitumia. Letu liliguna pande zote.

Hata hivyo kapasita sikuigusa bado. Kuna kipimo kisichogharimu chochote, na ajabu ni kwamba ndicho kinachorukwa kila siku: tenganisha mota na geti. Ndani ya mota ya namna hii kuna gia ya parafujo, ambayo inazungushwa na mota lakini yenyewe haikubali kuzungushwa na geti. Ndiyo maana mwizi hawezi kulisukuma geti lililofungwa. Kwa siku za kukatika umeme kuna ufunguo mdogo wa kuiachia. Ufunguo wa shemeji ulikuwa haujawahi kutoka kwenye mfuko wake wa nailoni.

Tulipoiachia, nikapima pande mbili. Mota peke yake, bila geti, ilibonyezwa: ikaguna karibu sekunde nzima ndipo ikaanza kuzunguka kivivu. Mota isiyo na mzigo haina sababu ya kufanya hivyo. Kisha geti peke yake, bila mota: nililisukuma kwa mikono miwili na miguu ikateleza kwenye changarawe. Kulikuwa na magonjwa mawili, na fundi wa bodi hakuwa amegusa hata moja.

Nikazima sakiti breka, nikaipima mota. Kutoka waya wa pamoja hadi koili ya kwanza, omu 31. Hadi koili ya pili, 31. Mwisho kwa mwisho, 62. Koili zimetulia, hakuna cha kusukwa upya. Kapasita nikaitoa umeme wake kwanza kwa kipande cha waya chenye rezista, maana inaweza kukukumbuka hata breka ikiwa imezimwa. Ubavuni imeandikwa mikrofaradi 12. Mita ikasoma 5.1.

Kapasita hizi hazifi ghafla. Ndani yake kuna utando wa plastiki uliopakwa chuma chembamba mno. Umeme ukipanda ghafla, tuseme pale unaporudi baada ya kukatika, utando hutoboka mahali padogo, na chuma kilichozunguka tundu hilo huvukia kabla halijaleta shoti. Kapasita imejiponya, ila imejiponya kwa kujipunguza. Joto linaharakisha mambo, na boksi la plastiki linalopigwa na jua la Dar es Salaam siku nzima ni jiko.

Kapasita mpya ilipatikana Kariakoo, kwenye maduka yanayouza vifaa vya pampu za maji na feni, kwa bei ya sahani mbili za chipsi kuku. Muuzaji alitaka kunipa mtego bila kujua: kapasita yenye volti za kutosha lakini ya kuanzishia, ile nyeusi nene inayotakiwa kukaa kwenye umeme kwa sekunde chache tu. Ukiiweka kwenye mota ya geti, inayohitaji kapasita muda wote wa mwendo, itavimba na kupasuka. Omba ya kuendeshea, volti 450, na mikrofaradi zile zile za mwanzo. Wapo mafundi wanaoweka 20 mahali pa 12 ili "ipate nguvu". Nguvu inaonekana kweli kwa wiki kadhaa, huku koili inapikika polepole.

Baada ya kuifunga, mota ikaondoka bila kuguna na geti likaenda hadi mwisho. Shemeji akaanza kunishukuru. Kazi nyingi huishia hapa, na zangu za zamani ziliishia hapa, na miezi minne baadaye simu inalia tena kwa mguno ule ule.

Kwa maana kauli nyingine ya mzee ilikuwa bado inadai jibu: asubuhi halina neno, jioni linagoma. Ndani ya koili za mota hizi hufukiwa kidude kinachokata umeme joto likizidi na kuurudisha mota ikipoa. Mota hupata joto hilo ikifanya kazi kuliko ilivyopangiwa. Kapasita mbovu inachangia, ndiyo, lakini lile geti lililonitelezesha miguu linachangia zaidi. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Sisi tumempa mota.

Geti la kuserereka linabebwa na magurudumu yenye mfereji, yanayotembea juu ya reli. Mota haibebi. Gia yake ndogo inauma chuma cha meno kilichofungwa ubavuni mwa geti, na kazi yake ni kuvuta tu. Ili ivute bila kubeba, kati ya meno ya gia na meno ya geti lazima ibaki nafasi ya milimita moja hadi mbili. Nilichukua kadi ya benki, ambayo unene wake haufiki milimita moja, nikajaribu kuipitisha hapo. Haikupita. Nikalisogeza geti mita moja, nikajaribu tena. Haikupita. Meno yenyewe yalikuwa yanang'aa vileleni kama kisu kilichonolewa, na chini yake kulikuwa na ungaunga wa chuma.

Beringi za magurudumu zilikuwa zimeliwa na kutu ya hewa ya chumvi hadi gurudumu moja halizunguki, linaburuzwa. Mifereji yake ilikuwa imesagika, na geti zima likawa limeshuka milimita kadhaa. Liliposhuka, likaikalia mota. Kwa muda gani sijui, ila mota ilikuwa imefanywa gurudumu la tatu. Reli nayo ilikuwa imejaa mchanga ulioshikana na grisi. Mtu mwema aliipaka reli grisi, akadhani anasaidia. Grisi huwekwa kwenye beringi. Juu ya reli inakusanya mchanga na kuugeuza msasa.

Kabla ya kulinyanyua geti kwa jeki ya gari tulilifunga kamba kwenye nguzo pande mbili. Geti likitoka kwenye vishikio vyake vya juu linaanguka, na kilo 400 hazina mzaha na mtu. Magurudumu mapya yenye beringi zilizozibwa yakaingia, reli ikasuguliwa kwa brashi ya waya, chuma cha meno kikapandishwa kwenye matundu marefu ya bolti zake hadi kadi ya benki ikapita mbili kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho wa geti. Hilo la "mwanzo hadi mwisho" lilikula saa mbili, kwa sababu geti lililochomelewa kwa macho halijanyooka, na ukirekebisha katikati pembeni panauma.

Nilikuwa nimelivuta geti kabla kwa mizani ya kupimia mabegi ya safari: lilihitaji kilo 34 ili lisogee. Baada ya kazi, 11. Namba hizo mbili ndizo ninazoziamini kuliko kibandiko cha kilo 600, ambacho kinazungumzia geti lenye magurudumu mazima juu ya reli safi.

Marekani, ambako mota ya nyumbani mara nyingi hupandisha mlango wa gereji kwenda juu, kanuni ni hii hii ila mbebaji ni springi. Mlango uliosawazishwa vizuri, ukiutenganisha na mota na kuuachia katikati, unabaki hapo hapo. Ukidondoka, springi imechoka na mota ndiyo inayoteseka. Springi hizo zimekazwa kwa nguvu ya kuvunja mkono, na wenye busara huzikwepa na kuita mtu aliyezisomea. Huko pia, mota yoyote ya gereji ya nyumbani iliyotengenezwa tangu Januari 1993 inatakiwa kuwa na kinga ya ziada ya kuuzuia mlango usimbane mtu, na iliyo ya kawaida ni macho mawili ya sensa karibu na sakafu.

Nayataja macho hayo kwa sababu letu pia linayo, nguzoni, na nilipofungua boksi nilikuta kipande cha waya kimeziba kazi yake kwenye bodi. Mtu alichoka na geti linalorudi lenyewe, akalidanganya kwamba njia iko wazi siku zote. Nilitoa waya, geti likakataa kufunga. Kwenye jicho moja buibui alikuwa amejenga. Nilifuta kwa kitambaa, likafunga. Nguvu ya kusukuma pia ilikuwa imewekwa juu kabisa, bila shaka ili kulishinda geti zito. Nikaishusha hadi geti likasimama na kurudi nilipolizuia kwa mkono. Nyumba ina watoto wawili wanaopenda kukimbilia gari la baba yao.

Mzee amepewa brashi, na reli anaifagia kabla ya uwanja. Taa ya kumulika juu ya nguzo bado haiwaki. Hiyo hatukuigusa.