Vimrc moja, kompyuta tatu

Kituo cha Vaughan Metropolitan Centre kilipofunguliwa tarehe 17 Desemba 2017, treni ya chini ya ardhi ya Toronto ilivuka mpaka wa jiji kwa mara ya kwanza na kuingia Vaughan. Mwandishi wa programu anayeishi Vaughan na kupanda treni hiyo huenda ana kompyuta ya mezani nyumbani, laptopu kwenye begi na seva ya kazini anayoingia kwa mtandao. Vidole ni vilevile, lakini kihariri cha Vim kina tabia yake kila mahali: hapa Tab ina upana wa nafasi nne, pale nane.

Wengi huanza kwa kunakili .vimrc, faili la mipangilio ya Vim, kwenye flashi. Baada ya wiki chache wana nakala tatu, kila moja na marekebisho yake.

Nukta iliyo mwanzoni mwa jina hilo ina historia. Rob Pike, Mkanada aliyesoma Chuo Kikuu cha Toronto kabla ya kwenda Bell Labs, alieleza mwaka 2012 kwamba kufichwa kwa mafaili ya aina hii hakukukusudiwa. Programu ya ls, inayoorodhesha mafaili, ilitakiwa kuruka majina mawili tu, nukta moja na nukta mbili; njia ya mkato iliyotumika ikaruka kila jina linaloanza na nukta. Ndiyo maana anayehamia kompyuta mpya hukumbuka picha na nyaraka, akaisahau mipangilio.

Dawa ni chanzo kimoja. Tangu toleo la 7.4 la mwaka 2013, Vim husoma vimrc iliyo ndani ya folda ya .vim, mradi .vimrc ya zamani haipo. Folda nzima ikiwekwa chini ya Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, badiliko la jioni hutumwa kwenye hifadhi kuu na asubuhi laptopu hulivuta, likiwa na tarehe na sababu yake.

Kazi kubwa iko kwenye tofauti za mashine. Kwenye Windows folda hiyo huitwa vimfiles. Windows pia humaliza mstari kwa alama mbili, na vimrc ya namna hiyo ikisomwa kwenye Linux huleta mfululizo wa makosa yenye ^M; mstari wa eol=lf katika .gitattributes huyazuia. Fonti na anwani za folda za mashine moja hukaa katika faili la pembeni, ambalo Git huambiwa ilipuuze na vimrc hulisoma likiwepo tu.

Faili la viminfo, kumbukumbu ya Vim yenyewe, lisisafiri kabisa. Hubeba historia ya amri na maandishi yaliyonakiliwa, na nywila inaweza kuwa humo.

Mashine mpya basi huhitaji amri moja ya git clone. Vim ikifunguliwa bila faili, skrini yake kwa miaka mingi imeomba msaada kwa watoto wa Uganda. Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kufariki mwaka 2023, alijitolea Kibaale, kusini mwa nchi hiyo, mwaka 1994. Kituo cha watoto cha huko kimesaidiwa pia na wahisani wa Kanada. Ombi hilo hutoweka mtu akiandika set shortmess+=I. Ndani ya vimrc ya pamoja, mstari huo utalificha kwenye kompyuta zote tatu kwa mara moja, na ni heri usiwekwe.