Jina hili, "kikohozi cha banda", linatuponza

Mbwa akianza kukohoa kikohozi kikavu, kile cha kama amekwamwa na mfupa kooni, jibu utakalopewa haraka ni moja: ana kikohozi cha banda, kitaisha chenyewe. Jina hilo tumelitoa kwa Waingereza, na banda linalotajwa ni lile la kulaza mbwa wengi pamoja. Ni jina fupi, linakaa vizuri mdomoni. Shida ni kwamba linakwambia mambo matatu, na yote matatu yana kasoro.

La kwanza, linakwambia huu ni ugonjwa mmoja. Siyo. Ni kundi zima la vijidudu vinavyoleta dalili zinazofanana: bakteria aitwaye Bordetella bronchiseptica (ndugu wa yule anayesababisha kifaduro kwa watoto), virusi vya parainfluenza, adenovirusi ya aina ya 2, mafua ya mbwa, na wengineo. Mara nyingi huingia viwili au vitatu kwa pamoja. Kirusi kinaharibu vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa, halafu bakteria anapita kwenye mlango ambao tayari umevunjwa. Kwa hiyo anayesema "ni kikohozi cha banda tu" hajakutajia ugonjwa. Amechukua dalili akaipa jina.

La pili, linakwambia ugonjwa uko bandani. Mbwa wako hajawahi kulala banda la wengine, basi yuko salama, sivyo? Hapana. Vijidudu hivi husafiri kwa matone ya kikohozi na chafya, kwa bakuli la maji la pamoja, hata kwa mikono na nguo zako wewe uliyetoka kumpapasa mbwa wa jirani. Mbwa wawili kunusana getini inatosha. Tena kwa mafua, mbwa anaweza kuambukiza wenzake kabla hajakohoa hata mara moja.

La tatu ndilo baya zaidi: linakwambia si kitu. Ni kweli kwamba mbwa mzima mwenye afya mara nyingi hupona ndani ya wiki chache. Lakini tazama yaliyotokea Florida, Marekani. Mnamo Januari 2004, mbwa 22 wa mbio aina ya greyhound waliugua kwenye uwanja mmoja. 14 walikohoa wakapona, kwa namna ambayo wengi wangesema ni kikohozi cha banda. 8 walikufa, mapafu yakivuja damu. Watafiti wakakuta kirusi cha mafua cha H3N8, kilichohamia kwa mbwa kutoka kwa farasi. Walipopima damu ya zamani iliyohifadhiwa, wakakuta alama za kirusi hicho kwa mbwa wa mbio tangu mwaka 2000. Yaani kilikuwa kinazunguka miaka kadhaa bila kutambuliwa! Maoni yangu ni kwamba jina lilisaidia kukificha. Ukishakuwa na jibu mkononi, swali huulizi tena.

Usidhani haya ni ya Marekani tu. Distempa nayo inaweza kuanza na makamasi, matongotongo na kikohozi, kisha ikashuka tumboni na kupanda kwenye ubongo. Mwaka 1994 iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani walitajwa kuwa chanzo chake. Na hapa kwetu tunalo neno la pili linalotuponza: "amechanjwa". Amechanjwa nini? Kampeni nyingi za chanjo zinazofika mitaani ni za kichaa cha mbwa. Hiyo ni chanjo muhimu mno, usiikose. Ila haizuii distempa, wala haizuii kikohozi. Fungua kadi ya mbwa wako usome kilichoandikwa. Chanjo ya distempa ipo, na kwa kawaida hutolewa pamoja na ya parvo katika sindano moja. Ya Bordetella nayo ipo, na kuna aina inayotiwa puani. Hiyo haimfungii mbwa mlango kabisa, lakini hupunguza makali.

Basi tuweke jina pembeni, tumtazame mbwa mwenyewe. Anakohoa lakini anakula na anacheza? Mtenge na wenzake, bakuli lake liwe lake peke yake, mfungie mkanda wa kifuani badala ya kola ya shingoni, nawa mikono kabla ya kumgusa mwingine. Usimtoe kwenda kuchangamana hadi wiki mbili zipite tangu dalili ziishe. Kama daktari anashuku mafua, muda huo huwa mrefu zaidi.

Sasa, ukiona amegoma kula, ana homa, makamasi yamekuwa mazito ya kijani au njano, fizi zimegeuka rangi ya bluu au kijivu, au anatetemeka na kukakamaa, usisubiri kesho. Akiwa amelala usingizi hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikizidi 30 kila unapohesabu, kuna tatizo. Mbwa mchanga ambaye hajamaliza chanjo, mzee, na hawa wenye pua bapa, hao usiwangoje wafike huko. Na tafadhali, dawa za binadamu zibaki kabatini. Ibuprofen inaweza kumuua mbwa.

Ukimpigia daktari wa mifugo, usimwambie "ana kikohozi cha banda". Mwambie kilianza lini, anapumua mara ngapi kwa dakika, amekutana na mbwa gani wiki hizi mbili, na kadi yake inasema nini. Kwa majibu hayo manne daktari ana pa kuanzia.