Kupima Kabla ya Kuunga

Programu nyingi za madukani na kwenye maghala ya mahindi hapa Mazwi hazina hesabu ngumu. Kutwa zinaunga maneno: jina la mkulima, kijiji, magunia, kilo, tarehe. Kila kipande ni stringi, yaani mfuatano wa herufi, na msimu wa mavuno ukipamba moto, huo ndio mzigo wa kompyuta iliyo kaunta. Kwa hiyo nawasifu mafundi wa kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya mashine; ni watu ambao mwenye ghala hatawasikia kamwe.

Katika lugha ya programu ya Java, stringi ikishaundwa haibadiliki. Ukiiongezea neno, inaundwa nyingine na herufi zote za awali zinanakiliwa upya. Kompaila ya zamani ilitumia chombo cha kuungia ambacho kwa kawaida kilianza na nafasi ya herufi 16. Kikijaa, yaliyomo yanahamishiwa kwenye kikubwa zaidi. Tangu Java 9, iliyotoka Septemba 2017, kompaila huacha agizo tu, na kazi humaliziwa programu inapoendeshwa: urefu wa vipande vyote unajumlishwa, nafasi inatengwa mara moja, ndipo herufi zinaingia. Wafua chuma wa hapa Ufipa waliujua mgawanyo huo wa kazi kwa hatua mbili. Chuma cha ilungu, tanuri refu la udongo, hakikwenda moja kwa moja kwa mhunzi. Kilisafishwa kwanza kwenye tanuri dogo, ichintengwe.

Ufundi huo haumwokoi anayeongeza mstari mmoja mmoja ndani ya mzunguko. Orodha yake ya mistari 1,000 itainakilisha mashine mistari 500,500. Hapo wajibu ni wa mwandishi wa programu.

Lakini kinachonigusa zaidi katika toleo hilo la Java 9 ni baiti. Awali kila herufi ilichukua mbili. Sasa stringi yenye herufi za Kilatini za kawaida hutunzwa kwa baiti moja kila herufi, na Kiswahili chote kinaenea humo. Mtego ni ritifaa. Andika ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka, herufi zake zinachukua baiti 7. Weka iliyopinda, ile ambayo programu za uandishi huiingiza zenyewe, na neno zima linarudi baiti 14. Hakuna onyo litakalotokea. Ndiyo maana majina yakiingia mimi huzinyoosha ritifaa zote kabla ya kuhifadhi, na karani anayetafuta kwa ritifaa ya kibodi yake anampata mkulima mara moja.